Jirani Mkubwa Hupimwa Siku ya Kuondoka

Alfajiri ya tarehe 3 Novemba 1988 wakazi wa Malé, mji mkuu wa visiwa vya Maldivi, waliamshwa na milio ya bunduki. Mamluki wapatao 80, Watamil kutoka Sri Lanka, walikuwa wameshuka pwani wakiongozwa na mfanyabiashara mmoja mwenyeji wa Maldivi, nao wakateka sehemu muhimu za mji. Rais Maumoon Abdul Gayoom alijificha, akapeleka maombi ya msaada kwa nchi kadhaa. Iliyoitika bila kukawia ni India. Siku ile ile, baada ya giza kuingia, ndege zilizobeba askari wa miavuli zilitua katika kisiwa cha Hulhulé, penye uwanja wa ndege, baada ya safari ya zaidi ya kilometa 2,000. Kabla ya kupambazuka Rais alikuwa katika usalama. Waasi waliokimbia kwa meli pamoja na mateka wao walifuatwa baharini na manowari za India, wakakamatwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapana mfano ulio bora wa msemo huo katika bahari hii yetu. Lakini wahenga hawakuishia hapo. Walituambia pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yaani ugeni una kikomo, na anayepitisha kikomo hicho hawi mgeni tena. Mwenyeji huanza kujiuliza nyumba ni ya nani.

Tumeona inafaa kulizungumza jambo hili kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni watu wa visiwani, na wengine ni viongozi wanaokabidhiwa kalamu za kutia saini mikataba. Bahari ya Hindi ina dola zinazoinukia, na miongoni mwa hizo India ndiyo iliyotangulia kuwa na majirani wadogo wengi wa kushughulika nao. Mwenendo wake kwa majirani hao ni somo lililo wazi kwa kila mwenye macho. Nasi tunaona kwamba somo lenyewe ni hili: nchi kubwa haipimwi kwa wepesi wake wa kuja. Hupimwa kwa namna inavyoondoka, na kwa namna inavyolipokea neno la kukataliwa.

Haifai kuionea India. Nchi hiyo ilitawaliwa na Waingereza kama tulivyotawaliwa sisi, na ni miongoni mwa waasisi wa siasa ya kutofungamana na upande wowote. Tena hofu yake ina msingi. Taifa lenye watu zaidi ya bilioni 1.4, ambalo biashara yake nyingi hupita baharini, haliwezi kutojali ni manowari za nani zinazotia nanga katika visiwa vya jirani. Lakini hofu ya mkubwa huwa mzigo wa mdogo. Wakazi wa Maldivi ni kiasi cha nusu milioni tu, waliotawanyika katika visiwa vilivyo vidogo sana. Jirani wa kimo hicho akijigeuza usingizini, wao huamka.

Tuitazame Sri Lanka, maana huko ndiko mambo yalikokwenda kombo. Katika miaka ya 1980 serikali ya Colombo ilikuwa vitani na vikundi vya Watamil waliodai nchi yao wenyewe, na baadhi ya vikundi hivyo vilipata mafunzo na silaha katika ardhi ya India. Mwezi wa Juni 1987 India ilipeleka mashua zenye chakula kwa ajili ya watu wa Jaffna. Jeshi la majini la Sri Lanka likazirudisha. Kesho yake, tarehe 4, ndege za India ziliingia katika anga ya Sri Lanka bila ridhaa ya wenyewe na kuangusha chakula hicho. Ulikuwa ni msaada, lakini Colombo haikukosa kuelewa maana yake. Tarehe 29 Julai Rais J. R. Jayewardene na Waziri Mkuu Rajiv Gandhi walitia saini mkataba. Jeshi la India likaingia kisiwani kwa mwaliko, kulinda amani.

Katika barua walizoandikiana viongozi hao kulikuwamo sharti kwamba bandari ya Trincomalee isitolewe kwa nchi yoyote kwa matumizi ya kijeshi yenye kuidhuru India. Hapo ndipo msomaji anapoona kwamba mgeni aliyekuja kuzima moto alikuwa pia na haja yake juu ya kiwanja. Na wananchi waliliona. Siku ya pili baada ya saini, Rajiv Gandhi alipokuwa akikagua gwaride la heshima mjini Colombo, askari mmoja wa majini alimpiga kwa kitako cha bunduki.

Yaliyofuata yanajulikana. Walinzi wa amani wakajikuta wakipigana na Tigers waliokataa kuweka silaha chini. Raia wengi wa Jaffna walipoteza maisha. Rais mpya, Ranasinghe Premadasa, aliitaka India mwaka 1989 iondoe askari wake wote ifikapo Julai 29. Askari wa mwisho waliondoka Machi 1990. India ilikuwa imepoteza askari zaidi ya 1,100 katika nchi ya watu, na ilipoondoka haikushukuriwa na Wasinhala wala na Watamil. Mwaka 1991 Rajiv Gandhi mwenyewe aliuawa na Tigers kwa bomu.

Ni jeshi lile lile, na Waziri Mkuu yule yule. Safari ya Malé ilifanyika wakati askari wenzao wakiwa bado wamekwama Sri Lanka. Iliyoachana ni namna ya kuingia na kutoka. Maldivi kazi ilikuwa moja, ilijulikana, na sehemu kubwa ya askari ilirejea kwao mapema. Sri Lanka kazi iligeuka njiani, na mlango wa kutokea haukuwa umeandaliwa.

Baada ya machungu hayo wako Wahindi waliokaa wakatafakari. Mwaka 1996 I. K. Gujral, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, alitangaza siasa iliyokuja kuitwa kwa jina lake. Alisema kwamba kwa majirani kama Bangladesh, Bhutan, Maldivi, Nepal na Sri Lanka, India haitadai nipe nikupe, bali itatoa kwa nia njema kadiri iwezavyo. Na kwamba nchi za eneo hilo zisiingiliane mambo ya ndani. Desemba mwaka ule ule India na Bangladesh zilitia saini mkataba wa miaka 30 wa kugawana maji ya mto Ganges, jambo lililokuwa limewagombanisha kwa miaka mingi.

Siasa njema zina siku zake za kusahauliwa. Nepal, ambayo haina bahari na hupitisha bidhaa zake nyingi katika ardhi ya India, ilifungiwa sehemu kubwa ya njia zake mwaka 1989. Mwaka 2015 ilikosa tena mafuta na dawa kwa miezi kadhaa, ingawa safari hii India ilikana kwamba ndiyo iliyofunga. Lakini mfano wa heshima nao haukukosekana. Julai 2014 mahakama ya usuluhishi iliamua mgogoro wa mpaka wa baharini baina ya India na Bangladesh. Katika eneo la kilometa za mraba zipatazo 25,600 lililogombaniwa, Bangladesh ilipewa zaidi ya 19,400. India ingeweza kupuuza hukumu hiyo, kama dola nyingine zilivyopuuza hukumu zisizozipendeza. Iliipokea.

Karibu zaidi na sisi kiko kisiwa cha Assumption, katika Shelisheli, jirani ya Aldabra yenye makobe mashuhuri. Mwaka 2015 ilikubaliwa kwamba India ijenge huko vifaa vya kijeshi, na mapatano yakaandikwa upya Januari 2018. Wananchi wakahoji, wapinzani waliokuwa wengi bungeni wakagoma, na Juni mwaka huo Rais Danny Faure akatangaza kwamba hatayapeleka mapatano hayo bungeni. Mwezi huo huo alipokewa Delhi kwa heshima, na nchi yake ikapewa ndege ya doria na mkopo wa dola milioni 100. Tunajua kwamba mkopo si sadaka. Hata hivyo ni kweli pia kwamba nchi ndogo sana ilisema hapana, na mlango haukupigwa kufuli.

Maldivi nayo ilirudi katika mizani hiyo. Mwaka 2023 Mohamed Muizzu alichaguliwa kuwa Rais akiwa ameahidi kuwaondoa askari wa India. Askari wenyewe hawakufika 100, na kazi yao kubwa ilikuwa kurusha helikopta mbili na ndege moja zilizochukua wagonjwa kutoka visiwa vya mbali. Si jeshi la kuteka nchi. Lakini kwa watu wa visiwani hesabu haikuwa ya vichwa. Swali lilikuwa nani aliwaruhusu, kwa maandishi gani, na hadi lini. Kwa muda maneno makali yalirushwa kutoka pande zote mbili. Hatimaye tarehe 10 Mei 2024 askari wa mwisho walikuwa wamekwisha ondoka, na mafundi wa kiraia wa India wakashika nafasi zao ili wagonjwa wasikose usafiri. Oktoba mwaka huo Muizzu alikwenda Delhi na kupata mapatano ya kubadilishana fedha yenye dola milioni 400, wakati hazina yake ilipokuwa hoi. Na Julai 2025 Waziri Mkuu Narendra Modi alikuwa mgeni wa heshima mjini Malé katika sherehe za miaka 60 ya uhuru. Aliyeondoka alipoambiwa aondoke aliitwa tena.

Tusinyooshe kidole kwa wengine tu. Sisi Watanzania tumekuwa majirani wadogo, na tumekuwa majirani wakubwa pia. Vijana wetu walipomfukuza Idi Amin mwaka 1979, baada ya Kagera kuvamiwa, walipokewa Kampala kwa vigelegele. Lakini walibaki hadi mwaka 1981, na uchaguzi wa Desemba 1980 ukafanyika wakiwapo. Wako Waganda waliouliza maswali ambayo hayajaisha hadi leo. Machi 2008 askari wetu walikwenda Nzuwani pamoja na wenzao wa Sudan, kwa ombi la Serikali ya Komoro na kwa idhini ya Umoja wa Afrika, kumwondoa Kanali Mohamed Bacar. Kisiwa kilichukuliwa upesi, na Juni wananchi wakapiga kura. Mkomoro ana haki ya kututazama kwa jicho lile lile ambalo mtu wa Maldivi humtazamia Mhindi, nasi hatuna budi kukubali kutazamwa.

Kwa waheshimiwa wanaotuwakilisha, tuna maneno machache. Msaada wa askari, meli au mitambo usipokewe kwa neno la mdomo. Uandikwe, usomwe bungeni mchana kweupe, utajwe mwanzo wake na mwisho wake, na itajwe ni mamlaka gani itakayowahukumu wageni wakikosa. Mapatano ya siri hayamlindi mkubwa wala mdogo: huzaa minong'ono, na minong'ono huzaa chuki dhidi ya watu ambao pengine walikuja kutusaidia. Kadhalika, mdogo asidhani kwamba ni werevu kumchochea jirani mmoja dhidi ya mwingine ili apate bei nzuri. Bei hiyo hulipwa baadaye, na hulipwa na wavuvi.

Na tunapokuwa sisi ndio wakubwa, tujiulize kabla meli haijang'oa nanga: tumeitwa na nani, kwa kazi gani, na tutaondoka lini? Asiyeweza kujibu swali la tatu asiondoke bandarini. Pepo za kusi na kaskazi zimewaleta wageni katika mwambao huu tangu enzi za mababu, na zimewarudisha kwao kila msimu. Jahazi lililokuja na kaskazi lilijua kwamba kusi ikivuma litatweka tanga lirudi, na kwa sababu hiyo mwaka uliofuata lilipokewa tena.