Kivuli cha Februari, Radi ya Agosti

Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akiambiwa Arua kuna joto, hulifikiria joto la kwao: jasho halikauki, na hata ukikaa chini ya mti shati linaendelea kunata mgongoni. Joto la Awindiri, kata ya jiji la Arua kaskazini magharibi mwa Uganda, ni la aina nyingine kabisa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama watoto watacheza nje, kama wazee watakaa barazani, kama mtaa utakalika.

Arua iko nyuzi 3 hivi kaskazini mwa ikweta, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6 na nusu kila ukipanda mita 1,000, ndiyo maana anayetoka Rhino Camp, chini kabisa ukingoni mwa Naili, hupata nafuu ya nyuzi tatu au nne akifika mjini. Mvua nazo zina mpangilio wake. Kusini mwa Uganda kuna misimu miwili inayotengana. Huku Arua mvua huanza kama Aprili, hulegea kidogo Juni, kisha hushika kasi kuanzia Agosti hadi Oktoba. Baada ya hapo upepo hugeuka. Kuanzia Desemba huja kutoka kaskazini mashariki, upande wa Sudan, ukiwa mkavu na wenye vumbi, na nyasi zinazochomwa mashambani huongeza moshi wake.

Ukavu huo ndio wa kuzingatia. Mwili hujipoza kwa kukausha jasho, na pwani kazi hiyo inakwama kwa sababu hewa tayari imejaa unyevu. Awindiri mwezi wa Februari jasho hukauka papo hapo. Kinachomtesa mtu hasa ni miale: ya jua lenyewe, ya ardhi iliyofagiliwa ikabaki tupu, na ya mabati. Bati kuukuu lenye kutu linaweza kupita nyuzi 60 mchana, na nyumba isiyo na dari humwagia mwenyeji joto hilo kichwani. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hakioni lolote kati ya hayo, kwa kuwa hukaa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa. Kikisoma nyuzi 32, kinasema habari za hewa tu. Mtu aliyesimama juani anabeba mzigo mwingine kabisa, na akiingia chini ya mwembe sehemu kubwa ya mzigo huo inamtoka mara moja. Ndiyo maana nasema mti mmoja Arua una thamani kubwa kwa mwili wa binadamu kuliko mti huohuo ukiwa Mombasa.

Lakini si kila mti. Eneo la West Nile, ilipo Arua, limepandwa misaji mingi kwa ajili ya mbao, na msaji hupukutisha majani kiangazi. Pita chini yake Januari uone: matawi matupu juu, na chini majani mapana makavu yanayovunjika kila ukikanyaga. Mkaratusi hubaki na majani, ila yananing'inia wima na jua linapita katikati yake. Mwembe hubaki kijani mwaka mzima. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, na majani yake hupangana yakafunga anga. Wazee waliofanyia vikao vyao chini ya miembe hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaeleza hayo.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi: saa zetu. Majira ya Afrika Mashariki yamepimwa kwa longitudo ya 45, inayopita karibu na Mogadishu, ilhali Arua iko kwenye 31. Jua la huko huchelewa karibu saa nzima. Katikati ya Februari hufika kileleni saa saba na dakika kumi, na joto la hewa hufikia upeo kati ya saa tisa na saa kumi. Mechi ikianza saa kumi, desturi iliyoenea katika soka ya Uganda, wachezaji wanaingia uwanjani joto likiwa bado juu. Katika eneo lililoipeleka timu ya Onduparaka kwenye ligi kuu mwaka 2016, hilo si suala dogo. Kusogeza mazoezi ya vijana hadi saa kumi na moja hakugharimu hata shilingi moja, kwa kuwa Februari jua halizami mpaka baada ya saa moja.

Miti nayo ipandwe upande wa magharibi wa kiwanja. Mwembe wa mita 10 hutupa kivuli cha mita 10 saa kumi ya Februari. Saa kumi na moja kivuli hicho kimefika karibu mita 17, na kinaelekea mashariki, juu ya watazamaji na sehemu ya uwanja. Ukiupanda mashariki, unampa kivuli jirani. Arua ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, ardhi inakatwa viwanja vya kujenga, na mara nyingi mwembe huanguka kabla jiwe la msingi halijawekwa. Inaniuma, kwa sababu mti unaoondolewa kwa siku moja hauwezi kurudishwa kabla mtoto aliyezaliwa leo hajafika sekondari.

Hata hivyo mwembe huohuo ni hatari mvua zikishika. Agosti 2020 watoto waliokuwa wakicheza mpira Arua walijikinga ndani ya kibanda. Radi ikapiga na kuwaua watoto kumi. Kibanda cha nyasi hakizuii umeme wa radi, na mti mrefu unauita. Salama ni jengo imara lenye nyaya zinazoufikisha umeme ardhini, au gari la bati lililofungwa madirisha. Radi inaweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka mvua inaponyesha, hivyo ngurumo ya kwanza ndiyo filimbi ya kusimamisha mchezo, na hakuna kurudi uwanjani mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kila mwalimu wa michezo na kila kocha wa mtaa anapaswa kulijua hilo kama anavyojua sheria ya kuotea.

Kwa hiyo kiwanja cha Awindiri kinahitaji miembe magharibi na chumba kimoja cha matofali chenye kinga ya radi mashariki, mbali na miti. Paa la chumba hicho livune maji kwenye tangi mwezi wa Oktoba, yatumike kumwagilia miche katika viangazi viwili vya mwanzo, kwani mwembe mchanga bado hauna mizizi ya kuivuka Januari peke yake.