Kifafa hakiambukizi: mtoto ale na wenzake



Tunapopita nyumba kwa nyumba, sisi wahamasishaji wa afya tunakuta watoto wanaokula peke yao. Wana sahani yao, kikombe chao na mkeka wao pembeni. Shule hawapelekwi, na wenzao hawawaiti kucheza. Watoto hawa wana kifafa, ugonjwa ambao ndugu zetu Warundi wanauita intandara.

Mtoto mmoja aliniuliza kama ni kweli kwamba akicheza mpira na wenzake, na wao wataanza kuanguka. Kumbe alikuwa anajitenga mwenyewe, akiwahurumia wenzake. Nilimjibu kwamba si kweli, na nyinyi nawaambia hivyo hivyo.

Kifafa ni nini?
Ni ugonjwa wa ubongo. Si pepo, si laana, wala si kosa la mama. Hakiambukizi kwa mate, povu, mkojo wala kwa kula sahani moja. Kinaweza kuletwa na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au kuumia kichwa. Duniani watu wapatao milioni 50 wana kifafa. Wakitibiwa vizuri, hadi 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka.

Mtoto akianguka:
- Msogeze mbali na moto, maji na mawe.
- Weka nguo laini chini ya kichwa, kisha mlaze ubavu.
- Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni.
- Kaa naye mpaka azinduke.
- Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbizeni kituo cha afya.

Dawa ni kila siku. Msiikatishe hata kama amekaa miezi mingi bila kuanguka, maana kuacha ghafla kunaweza kurudisha kifafa kwa nguvu. Familia inayojiandikisha kurudi nyumbani imwambie muuguzi mapema, ili mtoto asikose dawa njiani.

Asipike peke yake, wala asiende mtoni peke yake. Lakini shule aende na mpira acheze, na mwalimu aelezwe la kufanya akianguka.

Mzazi, usimfiche mtoto. Mlete kliniki, na jioni mpakulie pamoja na ndugu zake.