Tezi ndogo kifuani inayofunza askari wa mwili

Nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo, pana tezi laini ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia ikitajwa. Wataalamu huiita thaimasi. Kwa muda mrefu madaktari waliidhania kuwa masalio yasiyo na kazi, hadi mwaka wa 1961 mtafiti Jacques Miller alipoiondoa katika miili ya panya wachanga jijini London. Wengi wa panya hao walidhoofika, wakaugua na kufa.

Mtihani mkali

Askari wa mwili ni chembechembe nyeupe za damu, ambazo huzaliwa katika uboho wa mifupa. Baadhi yake huenda kwenye thaimasi zikiwa changa ili zikafunzwe. Isiyoweza kumtambua adui huondolewa, na inayotaka kuushambulia mwili wenyewe huondolewa pia. Zaidi ya tisa katika kila kumi hufa humo. Zinazofuzu huitwa seli T, kutokana na jina la tezi hiyo. Miongoni mwake ni CD4, ambazo ni kama makamanda wa kuwaongoza askari wengine.

Hata hivyo, tezi hii hufanya kazi kubwa zaidi utotoni. Baada ya mtu kubalehe huanza kunywea, na nafasi yake huchukuliwa na mafuta. Mtu mzima basi hutegemea zaidi askari waliofunzwa zamani na wanaoendelea kuzaana.

Funzo la Kericho

Virusi vya Ukimwi huwalenga makamanda hawa, na huweza kuidhuru hata thaimasi yenyewe. Wakazi wa mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet wanaijua hasara yake. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004 ulionyesha kuwa wachumaji walioachishwa kazi au kufariki kwa sababu ya Ukimwi walikuwa wakichuma kati ya kilo 4 na karibu 8 pungufu kwa siku katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na kilo zikipungua, chakula na karo ya watoto hupungua pia.

Mwaka wa 2003, watafiti wa KEMRI na Mradi wa Walter Reed mjini Kericho walianza kuwafuatilia watu wazima 2,801, wafanyakazi wa mashamba na jamaa zao. Asilimia 14.3 walipatikana na virusi.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka wa 2016, uliohusisha Kericho, Kampala, Mbeya na Thailand, uliwapima damu mara mbili kwa wiki watu waliokuwa katika hatari ya kuambukizwa. Virusi vilifikia kilele takriban wiki mbili baada ya kuonekana katika damu, lakini dalili za ugonjwa zilikuwa chache. Kwa hivyo mtu aweza kuonekana mzima, akaendelea kujaza kikapu chake, ilhali makamanda wake wanaangamizwa.

Usingoje

Zamani wengi walianza kupewa dawa za kupunguza makali CD4 zikiwa zimeshuka hadi chini ya 200, ingawa kwa mtu mzima mwenye afya aghalabu huzidi 500. Kwa kuwa thaimasi imenywea, kulijenga upya jeshi hilo huchukua miaka, na wengine hawalirudishi kamili. Ndiyo sababu tangu mwaka wa 2016 Kenya humwanzishia dawa kila anayepatikana na virusi, bila kungoja CD4 zishuke.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Msomaji, nenda ukapimwe hata kama hujisikii vibaya. Mama mjamzito apimwe mapema, maana dawa humkinga mtoto ambaye tezi yake ndiyo kwanza inafunza askari. Na aliyeanza dawa akiwa amechelewa asikate tamaa wala kuziacha, kwani CD4 huendelea kupanda polepole, ilmradi azimeze kila siku.