Ubao wa Kwanza wa Mawimbi Hauchaguliwi kwa Macho

Desemba iliyopita nilikuwa Cape Town, Afrika Kusini, nyumbani kwa dada yangu aliyeolewa huko. Siku ya pili ya kufika kwangu, baada ya swala ya alasiri, mpwa wangu mwenye umri wa miaka 14 alikuja akakaa kando yangu kwa adabu iliyozidi kawaida yake, nikajua ana haja. "Mjomba," akasema, "mama ameniruhusu kununua ubao wa kuteleza juu ya mawimbi, kwa sharti kwamba wewe ndiye utakayeuchagua." Fedha alikuwa nazo: akiba ya sikukuu mbili pamoja na alichoongezewa na mama yake. Nilikubali papo hapo. Masheikh wetu walitufundisha kwamba kusema "sijui" ni nusu ya elimu, na lau ningelikumbuka siku ile, tungelisalimika.

Tulinunua ubao uliotumika kutoka kwa mtu binafsi. Ulikuwa mweupe, mwembamba, umechongoka mbele mithili ya ngalawa ya mashindano, na kijana aliupenda tangu alipouona. Urefu wake ulikuwa futi 5 na inchi 10, upana inchi 18 na nusu, na ujazo wake lita 26. Vipimo hivyo vilikuwa vimeandikwa kwa kalamu ya risasi upande wa chini, kama mafundi wa mbao hizi wafanyavyo. Mimi, katibu ambaye sipitishi stakabadhi ya kamati bila kuisoma mara mbili, sikuvisoma.

Mahali pa kujifunzia ni Muizenberg, katika ghuba iitwayo False Bay, ambako treni iendayo Simon's Town hupita karibu kabisa na maji. Ufuko wake ni wa mchanga ulioinama kidogo kidogo, hivyo wimbi huvunjika taratibu na kusafiri mbali likiwa jeupe lenye povu. Kwa sababu hiyo ni mahali mashuhuri pa wanaoanza tangu zamani. Hata mwandishi Agatha Christie alijaribu mchezo huu hapo mwaka 1922, kwa ubao mwembamba wa kulalia. Kama kuna bahari inayomhurumia mwanafunzi, ni hiyo.

Juu ya ubao wetu hakuna aliyehurumiwa. Kijana alipoulalia, ulizama chini ya kifua chake. Alipopiga makasia kwa mikono, haukwenda. Wimbi lilipomfikia, lilimpita akabaki nyuma, au lilimpindua. Siku ya kwanza alikunywa maji ya chumvi, na siku ya pili aliporuka kutoka ubaoni, pezi moja la chini lilimchana paja, akashonwa nyuzi nne. Jioni ile dada yangu hakunilaumu kwa neno lolote. Aliniuliza tu, "Kaka, mlipima?"

Jibu nililipata siku iliyofuata kwa mwalimu mmoja mzee anayekodisha mbao pale ufukoni. Aliutazama ubao wetu, akauliza uzito wa kijana, nikamwambia kilo 52. Akacheka kwa upole. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: kwa anayeanza, lita za ubao zisipungue kilo za mwili, na zikizidi ni bora. Lita 26 kwa kilo 52 ni ubao wa mtu aliyekwisha kuwa fundi, ambaye kasi yake ndiyo inayomweka juu ya maji. Mwanafunzi hana kasi hiyo, basi ni lazima ubao wenyewe umbebe.

Akatupa ubao wa sponji wa futi 8, wenye upana wa zaidi ya inchi 22 na unene wa inchi 3 na kitu, jumla ya lita zipatazo 80. Kwa kijana wa kilo 52 huo ni mkubwa, lakini ukubwa huo ndio alioutaka mwalimu. Ndugu zetu wavuvi hawahitaji kuelezwa jambo hili: anayejifunza hupewa chombo chenye matengo mapana kisichopinduka upesi, hata kama kinakwenda polepole. Upana humpa mwanafunzi mahali pa kuweka miguu, unene humwelesha, na urefu humwezesha kulipata wimbi mapema, kabla halijawa kali. Jaribio la tatu, mpwa wangu alisimama. Alisimama labda kwa sekunde nne, kisha akaanguka akicheka, na ile bendeji ya pajani ikabandukia baharini.

Kuhusu sponji, niseme wazi, maana vijana huuonea haya ubao huo na kuuita wa watoto. Juu umevikwa tabaka laini, na mapezi yake aghalabu ni ya plastiki inayokunjika. Ubao wa faiba, kama ule wetu, ni povu gumu lililofunikwa kwa faiba na rezini. Ukimpiga mtu kichwani humjeruhi, na ukigonga jiwe hupasuka. Anayeanza huanguka mara kumi kwa saa, na pembeni yake wanaanguka wengine kama yeye. Katika hali hiyo ulaini wa ubao ni usalama wake na wa watoto wa watu wengine. Hata hivyo sponji nayo ina uzito na kamba. Mzazi amfundishe mwanawe kufunika kichwa kwa mikono anapoibuka, na asiuweke ubao kati ya mwili wake na wimbi linalokuja. Kamba ya mguuni iwe na urefu unaokaribia ule wa ubao. Ikiwa fupi mno, ubao humrudia usoni.

Anayetaka kununua uliotumika aukague kwa vidole. Ukiwa wa faiba, bonyeza kila mahali kwa gumba: panapobonyea, tabaka la juu limeachana na povu. Doa la manjano pembezoni mwa ufa ni dalili ya maji yaliyoingia. Ukiwa wa sponji, unyanyue. Ukiwa mzito kuliko wenzake wa kipimo hicho, umekunywa maji. Tazama pia kama plastiki ya chini ina malengelenge, ambayo mara nyingi huletwa na kuachwa juani au ndani ya gari lililofungwa. Angalia panapochomekwa mapezi. Rangi na picha za juu ziache ziwe za mwisho kabisa.

Lakini ushauri wangu mkubwa ni kutonunua kwanza. Kodi mara tano au sita, kwa vipimo tofauti. Baadhi ya watoto huchoka baada ya wiki mbili, na fedha ya familia ina haki zake nyingine. Kwetu Dar es Salaam, ambako sehemu kubwa ya mawimbi huvunjwa nguvu na miamba kabla ya kufika ufukoni, kununua kwa pupa hakuna maana kabisa.

Wazazi wengi huniuliza kuhusu mabinti. Maji ya False Bay ni ya baridi, na karibu kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, huingia na vazi la mpira linalofunika toka shingoni hadi vifundoni. Niliwaona dada waliovaa juu yake shati pana na kofia ya kuogelea, wala hakuna aliyewatazama mara mbili. Jambo lililomshughulisha zaidi dada yangu lilikuwa papa. Juu ya mlima wapo walinzi wanaotazama bahari, na kila familia hujifunza bendera zao: kijani maana yake wanaona vizuri na hakuna papa aliyeonekana, nyeusi, hawaoni vizuri, nyekundu, tahadhari kubwa, nyeupe yenye picha ya papa pamoja na king'ora, wote watoke majini mara moja. Dada alimkaririsha mwanawe rangi hizo kabla ya kumruhusu kugusa maji, kama tulivyokaririshwa sisi nguzo za swala.

Ubao wa faiba tuliununua kwa pupa, na hatukuuuza. Umetundikwa gerejini, na mwalimu yule anasema huenda kijana akauhitaji miaka michache ijayo, akiendelea hivi. Nusu ya gharama yake nimemrudishia dada yangu kutoka mfukoni mwangu. Mwaka huu ni zamu ya binti yake mdogo, mwenye miaka 10. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa simu, bila hata salamu ndefu: "Mjomba, nimepimwa. Kilo 34."