Mashine ya Michezo ya Video: Namna ya Kuichagua na Wakati wa Kuiboresha

Mwaka 1972 kampuni ya Magnavox ya Marekani ilianza kuuza Odyssey, mashine ya kwanza ya michezo ya video iliyotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani. Mashine hiyo, iliyotokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer, haikuwa na kichakataji wala kumbukumbu. Ilikuwa mkusanyiko wa transista na dayodi, na kazi yake ilikuwa kuonyesha nukta chache za mwanga katika kioo cha televisheni. Mashine za leo ni kompyuta kamili. Bei yake nayo si ya mchezo: kwa mzazi wa kawaida ni akiba ya miezi mingi, na kwa kijana mwenye kibanda cha michezo ni mtaji mzima. Muuzaji humshauri anunue mpya, na fundi humshauri aongeze kifaa ndani ya ile aliyo nayo. Makusudi ya makala haya ni kueleza misingi ambayo itamwezesha msomaji kuupima ushauri huo mwenyewe.

NDANI YA SANDUKU

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, yataka uingie ndani. Tukiingia ndani ya mashine hii tutakuta sehemu ambazo kazi zake zafanana na za jiko la mama lishe. Kichakataji, pamoja na kile kinachochora picha, ni mpishi. Kumbukumbu ni meza iliyo mbele yake, ambapo huwekwa vitu anavyovihitaji sasa hivi. Diski ni ghala lililo nyuma ya nyumba.

Yafaa ieleweke kwamba chakula kinaweza kuchelewa kwa sababu mbalimbali. Ikiwa ghala liko mbali, mpishi hukaa bure akingoja unga. Ikiwa meza ni finyu, kila mara lazima aondoe kitu kimoja ili aweke kingine. Na ikiwa mpishi mwenyewe ni mzito, kuongeza ghala hakutamsaidia hata kidogo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kuboresha sehemu ya mashine kuna faida pale tu sehemu hiyo inapokuwa ndiyo inayozichelewesha nyingine.

MIFANO MIWILI YA MIAKA YA 1990

Historia ya mashine hizi inathibitisha kanuni hiyo. Nintendo 64, iliyotoka mwaka 1996, ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 4. Mwaka 1998 kampuni ilitoa kifaa kidogo cha kuchomeka, kilichoongeza megabaiti 4 nyingine. Meza ilipanuliwa maradufu, na baadaye ilitokea michezo ambayo haikuweza kuchezwa bila kifaa hicho, kama vile Donkey Kong 64 ya mwaka 1999. Hapa uboreshaji ulifaa.

Kinyume chake ni Sega 32X. Kifaa hiki kilianza kuuzwa Marekani Novemba 1994, nacho kilipachikwa juu ya Mega Drive ili kuiongezea nguvu. Lakini mwezi huohuo kampuni ileile ilianza kuuza Japani mashine mpya kabisa, Saturn. Watengenezaji wa michezo waliielekea Saturn, na 32X ikaachwa mwaka 1996 ikiwa na michezo ipatayo 40 tu. Kiteknolojia kifaa kilifanya kazi. Walionunua walipata hasara kwa sababu hakikutengenezewa michezo ya kutosha. Hivyo mnunuzi hana budi kuuliza pia: je, michezo bado inatengenezwa kwa ajili ya chombo hiki?

HABARI YA DISKI

Tuchukue mfano wa kijana mwenye PlayStation 4, ambayo ilitoka mwaka 2013 na ingali ikitumika sana katika vibanda vyetu. Anaambiwa kwamba akiiondoa diski yake ya kuzunguka na kuweka ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, picha zitakuwa bora. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Diski ya kuzunguka hutoa takriban megabaiti 100 kwa sekunde hata inapofanya kazi vizuri, na SSD huizidi mara kadhaa. Mchezo utafunguka mapema zaidi, na wateja watangoja kidogo. Lakini picha hazitabadilika, maana mpishi ni yuleyule. Ikiwa shida yake ni wateja kungoja, basi afanye hivyo. Kazi yenyewe ni ya bisibisi na haizidi uwezo wa mtu makini. Ikiwa shida ni ubora wa picha, aitunze fedha yake.

Katika PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020, ghala limesogezwa karibu mno na meza: SSD yake husoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde. Hapa mnunuzi ajihadhari. Diski ya nje inayochomekwa katika tundu la USB inaweza kuhifadhi michezo ya PlayStation 5, lakini michezo hiyo haiwezi kuchezwa kutoka humo. Lazima kwanza irudishwe ndani. Michezo ya PlayStation 4 huchezwa bila taabu. Anayetaka nafasi ya kuchezea michezo mipya hana budi kununua SSD ya aina ya M.2 yenye kasi inayotakiwa, pamoja na bati lake la kupunguza joto.

TELEVISHENI, UMEME NA JOTO

Picha inayoitwa 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani mara nne ya zile za televisheni ya 1,920 kwa 1,080. Mwenye televisheni hii ya pili akinunua mashine ya bei kubwa kwa ajili ya 4K, sehemu kubwa ya nukta alizozilipia hataziona.

Tena kuna umeme. PlayStation 5 inaweza kutumia wati zipatazo 200 katika mchezo mzito. Kwa saa 3 kila siku, mwezi mmoja wa siku 30 utamaliza uniti 18. Nintendo Switch ya mwaka 2017 ikiunganishwa na televisheni haifiki wati 20, kwa hiyo haitafikisha uniti 2.

Wati hizo karibu zote hugeuka joto. Xbox 360, iliyotoka mwaka 2005, iliharibika kwa wingi kwa sababu viungio vya ndani vilikatika kwa kupata moto na kupoa mara kwa mara. Mwaka 2007 Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya matengenezo. Katika miji yetu ya joto na vumbi, mashine isifungiwe kabatini, feni isafishwe, na pale umeme unapopanda na kushuka itumiwe stabilaiza.

DISKI AU INTANETI

Zipo mashine zisizo na mlango wa diski, kwa mfano Xbox Series S. Bei yake huvutia. Lakini mchezo wa gigabaiti 50, kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa 11 kushuka, na gharama ya bando ni juu ya mnunuzi. Zaidi ya hayo, mchezo ulio katika diski huweza kuazimwa, kubadilishwa au kuuzwa. Ule wa intaneti hauuziki tena. Kwa mwenye kipato kidogo, tofauti hiyo baada ya miaka miwili inaweza kuzidi unafuu wa bei ya mwanzo.

Basi kabla ya kutoa fedha, msomaji na ajiulize kwa utaratibu huu: ninataka kucheza michezo gani, na inapatikana kwa mashine ipi? Televisheni yangu yaweza kuonyesha nini? Umeme na intaneti yangu ni ya namna gani? Na kama tayari ninayo mashine, ni sehemu ipi hasa inayoichelewesha? Fundi anayeweza kujibu swali hili la mwisho kwa kutaja sehemu na sababu yake anastahili kusikilizwa. Asiyeweza, mteja na afunge pochi yake aende kwa mwingine.