Jiwe la Mombasa Mbele ya Watoto wa Osiri

Mwezi uliopita nilisafiri hadi Osiri, Migori, kumwozesha binti wa ndugu yetu mmoja mwenye duka karibu na machimbo ya dhahabu. Mkobani nilitia kipande cha jiwe kilichobanduka katika ukuta wa nyumba yetu ya zamani Mombasa, kiwe ukumbusho kwa watoto waliozaliwa bara. Msichana wa miaka tisa alivitazama vitundu vya jiwe lile, akaniuliza, "Sheikh, humu walikuwa wakikaa nyuki?"

Nilicheka, lakini swali lilistahili jibu.

Waliokaa humo ni matumbawe, viumbe laini wa baharini, wengi wao wadogo kama punje ya mchele. Kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa, na akifa wengine hujenga juu yake. Ndani ya miili yao huishi vijimwani vya rangi ya hudhurungi vinavyowalisha kwa nguvu ya jua. Ndiyo sababu mwamba hujengeka penye maji ya vuguvugu, masafi, yanayopenya nuru.

Yapata miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto, barafu ya ncha zake imepungua, na bahari imepanda kwa mita 6 hadi 9 kuliko leo. Matumbawe yakapanda nayo. Kisha baridi ikarejea, bahari ikashuka, mwamba ukaachwa nje ukafa, ukawa jiwe. Huo ndio mgongo wa kisiwa cha Mombasa. Juu yake Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na kwa mawe ya jinsi hiyo hiyo watu wa Gedi walikwisha kusimamisha misikiti yao kabla ya Mreno kuonekana.

Bahari haikukoma hapo. Miaka 20,000 iliyopita ilikuwa imeshuka takriban mita 120. Unguja ilikuwa imeungana na bara. Pemba haikuungana, kwa kuwa mkondo wake ni wenye kina kikubwa, uliofanywa na misukosuko ya kale ya ardhi. Matumbawe yaliyosalia yaliishi chini, ukingoni mwa maji mapya. Barafu ilipoyeyuka, yakapanda tena. Palipopanda maji upesi kuliko ujenzi wao, mwamba ulizama gizani ukafa.

Mama wa nyumba alisikiliza kwa adabu mpaka nilipomwambia kwamba hata ziwa Victoria, jirani yao, lilikauka katika zama hizo za baridi na ukame, likajaa tena karibu miaka 15,000 iliyopita. Hapo akatikisa kichwa. Sikumlaumu, anayeliona ziwa lile hawezi kulidhania vumbi.

Yako matumbawe makongwe zaidi. Kule Kambe, Kilifi, mbali na pwani ya leo, mna chokaa yenye mabaki yao ya zaidi ya miaka milioni 160, tangu Afrika na Madagaska zilipokuwa zikiachana na bahari ikaingia katikati. Lakini mawe ambayo wanawake wa Osiri huyaponda kutafuta dhahabu yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Yalikuwapo kabla ya tumbawe la kwanza.

Msichana akauliza kama matumbawe bado yapo. Yapo, nikamwambia, ila mwaka 1998 maji ya pwani yetu yalipata joto kali kwa miezi michache tu. Matumbawe yakatapika vile vijimwani, yakawa meupe, na mengi yakafa, Malindi, Watamu hadi Kisite. Zamani yalipewa maelfu ya miaka kuhama na bahari. Safari hii hayakupewa hata mwaka. Na mwamba ukifa, samaki huhama, mawimbi huja pwani bila kizuizi, na mama anayeshuka kutafuta pweza bamvua linapokupwa hurudi na kikapu kitupu.

"Tukilitia ziwani litafufuka?" aliniuliza.

Nikamweleza kuwa ziwa ni maji baridi, na jiwe lile limekwisha kufa zamani. Jioni nilimkuta amelitia katika ndoo ya maji aliyoikoroga chumvi ya jikoni, ameiweka juani.