Mbolea Imeenda Wapi? Naitreti na Vizimba vya Wanakemia

Juzi mkulima mmoja wa mahindi kanipigia simu. Shamba lake ni la kichanga, urea yote kaiweka kwa mkupuo mmoja, kisha mvua ikapiga wiki tatu. Sasa majani ya chini yanageuka njano kuanzia ncha. "Afisa, mbolea nimeweka kwa macho yangu. Imeenda wapi?"

Imeteremka na maji. Urea ardhini hugeuka amoniamu, ambayo ina chaji chanya, halafu bakteria wanaigeuza kuwa naitreti, yenye chaji hasi. Chembe za udongo wa mfinyanzi nazo zina chaji hasi, hivyo zinazishika potasiamu na kalisi lakini naitreti zinaisukuma. Fosfeti nayo ni hasi, ila kwenye udongo wetu mwekundu inang'ang'aniwa na chuma na aluminiamu mpaka mmea unaikosa. Mkosi wa mkulima huo!

Je, hakuna kitu kinachoweza kuikamata naitreti peke yake? Wanakemia wanahangaika nalo miaka mingi. Mwaka 1968 Park na Simmons, wa kampuni ya DuPont Marekani, walieleza molekuli zenye umbo la kizimba zinazofungia kloraidi ndani. Wazo ni hili: unatengeneza uwazi wenye ukubwa wa kile unachokitaka, na ukutani unapanga haidrojeni zenye chaji chanya kidogo zikitazama ndani. Kloraidi ni mviringo kama gololi. Naitreti ni bapa, ina pembe tatu. Fosfeti ina pembe nne. Kizimba kikiwa na umbo sahihi, kinamwacha mmoja aingie na wengine wabaki nje.

Ugumu uko kwenye maji. Maji yenyewe yanazizunguka ayoni hizi na kuzishikilia, kwa hiyo kizimba lazima kiyashinde kwanza. Na naitreti chaji yake imetawanyika kwenye oksijeni tatu, hakuna mahali pa kuibana vizuri. Mwaka 2019 Amar Flood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana walitangaza kizimba kinachoshika kloraidi kwa nguvu ya ajabu. Lakini nguvu hiyo waliipima ndani ya kiyeyusho, siyo kwenye maji, na shamba lako lina maji, halina kiyeyusho.

Mimi natazama zaidi upande wa vipimo. Chuo Kikuu cha Oregon, Darren Johnson na Michael Haley wamefanyia kazi molekuli za aina hii kwa lengo la kutengeneza vihisio vya kupima naitreti kwenye udongo. Kifaa cha namna hiyo kingemwambia kijana wangu, kabla ya jani kugeuka njano, kwamba naitreti inashuka. Hapo ndipo kuna pesa.

Kwa hiyo akija mtu na chupa ya "molekuli za kushika mbolea", muulize imejaribiwa kwenye udongo gani, na matokeo yako wapi. Akibabaika, mwache aende.

Yule kijana nimemwambia aongeze kidogo mvua ikipungua, pembeni mwa shina, afukie. Msimu ujao agawe mara mbili: mahindi yakifika magotini, kisha kabla ya kutoa mbelewele. Kwenye kichanga hata mara tatu sawa tu, ukiweza gharama ya vibarua.